Kofia Kutoka Bati la Muhamadi

Kamwokya, Kampala
3 Oktoba 1976

Kwako Mjomba Zéphyrin,

Pokea salamu zetu, na kama kile kikohozi cha mwezi wa sita hakijakuacha, zipokee ukiwa umekaa. Sisi tu wazima. Mama anakusalimu. Miguu yake inavimba asubuhi na kupungua jioni, naye anasema ni kwa sababu ndugu yake mmoja aliyebaki duniani haandiki. Sukari uliyompa Marie-Jeanne ilifika kwa basi alilopanda, pamoja na mizigo yake ya vitenge anavyochuuza kati ya huko na huku. Tumeificha ndani ya sanduku la karatasi za picha, mahali ambapo hata jirani mwenye pua ndefu hafiki.

Sasa nina shida ya kazi. Studio bado ina jina la Baba mlangoni, na tangu afariki miaka minne iliyopita sijawahi kumtia aibu. Lakini kofia yake ya lenzi, ile pete ya chuma inayokaa mbele ya lenzi na kuzuia jua la pembeni, ilikanyagwa na mpiga ngoma kwenye harusi. Ikapindika kabisa. Nikasema si kitu, nitafanya kazi bila hiyo.

Nilijidanganya. Kule Nsambya watu wa harusi wanapenda kusimama mbele ya ukuta wa mawe kando ya kanisa, na ikifika alasiri jua linatokea juu ya vichwa vyao na kuingia moja kwa moja kwenye lenzi. Wiki mbili zilizopita nilimpiga picha sajini mmoja na bibi harusi wake. Picha ilitoka na ukungu mweupe, kama vile bibi harusi alikuwa anapikwa. Sajini aliiweka mezani kwangu polepole, akaniuliza, "Bibi yangu iko moshi?" Hakupandisha sauti, Mjomba, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nimewapiga picha tena bure, asubuhi. Lakini siku hizi mpiga picha hapewi nafasi ya tatu.

Ongom, yule wa chumba cha eksirei hospitali ya Mulago anayesaidia kuchanganya dawa zangu za kusafishia picha, alinitengenezea kofia ya karatasi. Ongom ana mikono mizuri, lakini upepo ulipokuja karatasi ikaenda zake, naye Ongom akaikimbilia hadi barabarani. Niambie, ninunue kofia gani?

Mpwa wako,
Kahambu

*

Nairobi
30 Oktoba 1976

Kahambu,

Nimepata barua yako jana. Bahasha ilikuwa na gundi nyingi kuliko ile uliyoipaka wewe, naona huko kwenu gundi haijaadimika. Kikohozi kimepona. Mwambie dada yangu Perpétue aweke miguu juu ya kiti anapokaa, aache kunisingizia.

Safari nyingine andika kwa herufi kubwa. Macho yangu ni mazima, ila taa ya hapa karakana ni hafifu na mwenye nyumba ni bahili.

Kuhusu kofia, umeuliza kama mtu anayeagiza kiatu bila kutaja mguu. Lenzi ipi? Ile pana ya kupigia kundi, au ile ndefu ya kupigia uso? Mdomo wake una namba gani? Marehemu baba yako alikuwa na lenzi tatu, nami nilizifungua na kuzifunga zote kwa mikono hii, lakini siwezi kukumbuka uliyobaki nayo. Niandikie namba zote mbili zilizochongwa kwenye pete ya mbele. Kabla sijakujibu usinunue chochote. Narudia, chochote. Ukipiga picha alasiri, mtu asimame pembeni na kukinga jua kwa kitabu cha nyimbo.

Halafu, huyo Ongom ni nani? Umemtaja mara tatu katika mistari mitatu.

Mjomba wako,
Zéphyrin

*

Kamwokya, Kampala
28 Novemba 1976

Mjomba wangu mwenye hasira,

Hujambo? Huku mvua inatupa kazi ya kuhamisha ndoo kutoka tundu hadi tundu. Mama ameweka miguu juu ya kiti kama ulivyoamuru. Sasa hashuki hata kuzima jiko, anasema ni amri ya kaka yake.

Barua yako ilichukua wiki tatu njiani, na katika wiki hizo nimeshanunua. Usinipigie kelele, nisikilize kwanza. Unalikumbuka duka la vifaa vya picha kule mjini, la yule mzee wa Kihindi aliyekuwa anakupa chai? Tangu Wahindi wafukuzwe mwaka wa sabini na mbili limepitia mikono mitatu. Sasa linasimamiwa na Bwana Muhamadi, aliyekuwa dereva wa jeshi, mtu mpole sana ambaye hajawahi kushika kamera. Amepanga vitu kwa umbo. Vya mraba rafu ya juu, vya mviringo rafu ya chini. Kofia za lenzi ziko zote ndani ya bati moja la biskuti, pamoja na vikombe vya kuwekea mayai.

Nilimuuliza ipi inafaa lenzi yangu. Alichukua kamera, akajaribu moja, haikuingia. Ya pili haikuingia. Ya tatu ikazunguka vizuri mpaka mwisho. Akanirudishia huku anatabasamu, "Ona, mama. Hii naingia. Kama naingia, basi iko sawa." Nami nikakubali. Namba ya mdomo ni 52, na kofia imeandikwa 52. Nilitaka nini zaidi?

Basi Jumapili iliyopita, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji, kwaya ya Nsambya ikataka picha ya mwaka. Watu thelathini na sita mbele ya ule ukuta, jua limenielekea. Nilitumia lenzi ile pana ya milimita 35. Ukungu? Hakuna hata chembe. Unaweza kuhesabu vifungo vya shati. Lakini nakuwekea nakala, tazama mwenyewe. Pembe zote nne ni nyeusi kama masizi. Tatu zimemeza majani na ukuta tu. Ile ya juu kulia imemmeza Ongom, anayesimama mwisho wa mstari wa nyuma kwa sababu ni mrefu na anaimba besi. Limebaki bega na nusu ya mkono. Kwaya nzima imemcheka. Yeye mwenyewe aliitazama kwa muda, akasema, "Kahambu, umenifuta."

Helen, kiongozi wa kwaya, amekataa kuitundika. Anataka tupige upya Januari, waimbaji wakirudi kutoka makwao. Niambie nimekosea wapi.

Kahambu

*

Nairobi
18 Desemba 1976

Kahambu,

Mungu awape Noeli njema, wewe na dada yangu. Hapa kuna baridi asubuhi na nimenunua sweta.

Sasa nijibu. Wewe ni binti wa Hippolyte kweli, au ulibadilishwa siku ya kuzaliwa? Nilikuandikia usinunue. Pembe nyeusi kwenye picha ya kwaya hazikuletwa na filamu, wala dawa, wala shetani. Zimeletwa na ujinga wako na kofia hiyo. Kuingia si kufaa! Namba ya mdomo inakwambia tu kwamba kofia itashika. Haikwambii kama ni ya lenzi yako. Hiyo uliyonunua, nikiona weusi ulivyokula picha, ni ya lenzi ya uso, milimita 85 au zaidi. Lenzi kama hiyo inatazama mbele tu, kama farasi wa gari aliyezibwa macho pembeni, kwa hiyo kofia yake huwa ndefu na nyembamba. Lenzi yako pana inatazama mpaka pembeni, na ukiivalisha kofia ndefu inaona ndani ya kofia. Inayokufaa ni fupi, na mdomo wake unapanuka nje. Hukuziona pembe ulipochungulia, najua. Dirisha la kamera halikuonyeshi picha nzima, na linakuonyesha lenzi ikiwa imefunguka kabisa, weusi unakuwa kama kivuli tu. Unapobonyeza, tundu la lenzi linabana na weusi unakaza.

Fanya hivi. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, weka tundu dogo, bonyeza kile kitufe cha kando kinachobana tundu, kisha tazama pembe moja baada ya nyingine. Vua kofia, tazama tena. Ukiona tofauti, kofia hiyo ni adui yako, itupe. Afadhali ukungu kuliko giza.

Nitakutumia ya sawasawa kwa mkono wa Marie-Jeanne kabla ya mwaka mpya. Ninazo arobaini ndani ya sanduku.

Na huyo mtu wa pembeni, mwambie kama ana nia njema asogee katikati tumwone.

Zéphyrin

*

Kamwokya, Kampala
30 Januari 1977

Mjomba,

Heri ya mwaka mpya ambao umeshaanza kuchakaa. Mama hajambo. Barua yako niliisoma, nikalia kidogo, kisha nikaitundika kwenye msumari juu ya meza ya kazi ili matusi yako yanifunze.

Kofia haijafika. Marie-Jeanne amekuja mara mbili na vitenge vyake, anasema kila akipita kwako unamwambia wiki ijayo. Kuna nini? Helen ananiuliza kila Jumapili, na Ongom ameshapiga pasi shati lake mara tatu. Kama umekasirika bado, nimeomba radhi. Kama una mgonjwa, sema.

Kahambu

*

Kamwokya, Kampala
24 Februari 1977

Mjomba wangu mpenzi,

Barua hii haipiti posta. Marie-Jeanne ataishonea ndani ya pindo la kitenge, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nakuandikia kila kitu. Mama hajambo. Mimi sijambo. Naanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umetulia.

Ongom ana kaka yake, Komakech, aliyekuwa askari. Unajua watu wa kaskazini wanavyofanywa jeshini mwezi huu, redio za huko kwenu zinasema kuliko zetu. Komakech alitoroka kambi, na walipomkosa wakaanza kumtafuta ndugu. Alhamisi iliyopita walifika Mulago wakiuliza Ongom ni yupi. Ongom alikuwa mle gizani anasafisha filamu za vifua. Mwenzake mmoja aliwaelekeza jengo la mbali kabisa, naye Ongom akatoka kwa mlango wa chumba cha kufulia. Tangu siku hiyo amelala nyuma ya mizigo ya Marie-Jeanne, hapa hapa Kamwokya. Walikuwa na jina lake lakini hawakuwa na sura yake. Kisha mtu fulani, sitaki kujua nani, akawaambia ipo picha ya kwaya.

Jumanne walikuja studio, watatu. Mkubwa wao aliketi kwenye kiti cha wateja, chini ya pazia la maua. Akataka picha pamoja na filamu yake. Nikatoa vyote viwili. Ningefanyaje? Wangepasua kila droo.

"Ongom iko wapi hapa?"

Nikaweka kidole kwenye pembe. "Huyu, afande."

Aliisogeza picha dirishani. "Huyu hapana mutu. Hii giza."

"Ndiyo, afande. Nilikosea."

"Wote naonekana. Yeye peke yake hapana onekana. Wewe naficha yeye?"

Nikanyanyua macho nisimtazame, na hapo nikaiona barua yako kwenye msumari, na bahasha yake yenye muhuri wa Desemba. Nikamwambia, afande, mjomba wangu ni fundi wa kamera, nilimtumia picha hii zamani nikimuuliza kwa nini imeharibika, majibu yake yale pale.

Kijana wao mmoja aliichukua, akaisoma kwa sauti. Alipofika pale pa kubadilishwa siku ya kuzaliwa, yule mkubwa aliguna. Palipoandikwa "wala shetani" alianza kutikisika mabega. Alisomewa "ujinga wako na kofia hiyo" mara mbili, aliomba mwenyewe irudiwe. Kisha akasimama, barua haijafika hata mwisho, akasema, "Onyesha."

Nikafunga ile kofia ya Muhamadi kwenye lenzi. Nikampa kamera, nikamwonyesha ukuta mweupe, nikamwekea kidole chake kwenye kitufe. Akachungulia. "Ee! Giza nakuja!" Nikaivua kofia. "Giza naenda!" Alifanya hivyo mara nne, Mjomba, kuvaa na kuvua, kuvaa na kuvua, wenzake nao wakataka zamu.

Mwishoni aliikunja barua vizuri, akanirudishia. "Mujomba yako iko mukali sana."

"Sana, afande."

"Sikiliza yeye." Wakaondoka na picha na filamu, na hawakunigusa.

Nilifunga mlango, nikakaa sakafuni, nikacheka mpaka Mama akaja na maji. Nikikumbuka jinsi nilivyokulaani Januari yote kwa kuchelewesha ile kofia! Ingefika, tungepiga upya, na Ongom angeonekana mpaka kope.

Sitakuficha tena. Nampenda. Hakuwa mtu wa kuchanganya dawa tu, na Mama alijua kabla yangu. Kesho kutwa anaondoka kwa lori la samaki kuelekea Tororo, kisha atavuka mpaka kwa miguu. Hawezi kubeba karatasi yenye jina lako wala langu. Amekariri njia ya kufika karakana yako. Utamtambua kwa kitu kimoja, atakuwa na ile kofia uliyoniambia nitupe. Chini yake nimekwaruza K kwa msumari. Tafadhali, Mjomba, usimuulize maswali mlangoni. Mpe chakula kwanza.

Kwa posta, ukisema kofia nitaelewa.

Kahambu wako

*

Nairobi
12 Machi 1977

Kahambu,

Salamu nyingi, na kwa dada yangu pia. Nakuandikia kwa posta kukujulisha tu kwamba ile kofia ya lenzi uliyoirudisha bado haijafika. Nimeulizia stendi ya mabasi kila siku. Wiki mbili ni nyingi kwa kitu kidogo kama hicho. Lakini mizigo huchelewa, usikate tamaa.

Sifungi karakana mchana siku hizi. Nakula nikitazama mlango.

Zéphyrin

*

Nairobi
26 Machi 1977

Kahambu, mtoto wa dada yangu,

Imefika! Nianze na hilo, salamu zitafuata. Kofia imefika, na chini yake kuna K mbaya kama mwandiko wako. Aliyeibeba yuko nyuma yangu sasa hivi, anakula. Marie-Jeanne ananisubiri kwa hii barua, kwa hiyo nami naweza kusema wazi.

Alifika Jumatatu saa tano asubuhi. Mlango mzima ukaingia giza, nikainua kichwa, nikaona mtu mrefu amenyoosha kiganja na juu yake kile kipande cha bati cha Muhamadi. Nilikuwa nimepanga kuwa mkali. Nilimshika mkono nikalia kama bibi harusi, mbele ya mteja.

Alishikwa na malaria Tororo. Mama mmoja mjane, Joska, alimlaza jikoni kwake wiki mbili na nusu akimwita mwanawe. Ndiyo sababu alichelewa. Lakini nitakueleza jambo moja kisha ukapige magoti. Kabla ya kufika Tororo kulikuwa na kizuizi. Walishushwa wote kutoka kwenye lori la samaki, wakapangwa. Askari alikuwa na picha mkononi, Kahambu. Picha yako ya kwaya. Alipita akilinganisha nyuso. Alipomfikia Ongom alimtazama yeye, akatazama ile pembe nyeusi, akamtazama tena. Kisha akampekua mfukoni, akatoa kofia. "Hii nini?" Ongom akajibu, "Kikombe cha yai, afande." Askari akaiweka jichoni, akachungulia upande wa pili. "Hapana chini." Ongom akasema, ndiyo maana nilipewa bure. Yule askari alicheka, akamrudishia, akasema pita.

Sasa nami niseme langu. Uliniuliza Januari kuna nini, nikanyamaza. Macho yangu yamekwisha, Kahambu. Si taa. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na mwezi wa saba atanipasua, huenda yakarudi. Desemba nilimwaga lile sanduku la kofia arobaini mezani, nikatafuta ya kwako usiku na mchana kwa kioo cha kukuzia. Namba zimechongwa ndogo, sikuweza kuisoma hata moja. Niliona haya kumwomba mtu. Fundi asiyeweza kuchagua kofia ya lenzi! Kwa hiyo nikamwambia Marie-Jeanne wiki ijayo, na wiki ijayo. Barua zako nilisomewa na muuza magazeti, nikamwambia nimesahau miwani. Ile ya kitenge tu ndiyo niliisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, siku mbili. Hizi ninazokuandikia naziandika kwa mazoea ya mkono.

Mwaka mzima sijawahi kufurahia kuwa kipofu. Juzi nilifurahi.

Jumanne Ongom aliona sanduku, akaniuliza ni la nini. Nikamweleza. Akaketi, akaanza kunisomea. "Arobaini na tisa, milimita mia. Hamsini na tano, hamsini." Kwa zile skrubu ndogo ana mkono mtulivu kuliko wangu wa ujana. Ya ishirini na sita ilikuwa yako, 52, milimita 35, fupi, mdomo umepanuka. Nimeipima kwenye ukuta mweupe. Yeye alichungulia, nami nikauliza, pembe? Akasema, safi, zote nne.

Sikuitumi. Njoo uichukue mwenyewe, na umlete dada yangu. Kula anakula sana huyu, na anaimba besi anapofanya kazi mpaka glasi zinalia. Nimempenda, ila usimwambie, atazoea.

Mjomba wako,
Zéphyrin

*

Kamwokya, Kampala
10 Aprili 1977, Pasaka

Mjomba wangu,

Kristo amefufuka, na wewe utafufuka Jumamosi, nitakueleza.

Marie-Jeanne alinikabidhi barua yako sokoni, katikati ya nyanya. Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye "imefika" niliketi juu ya gunia la viazi la mtu, na mwenye viazi akanihurumia akidhani nimefiwa. Nikamkumbatia. Mama nilimsomea nyumbani. Aliteremsha miguu kutoka kwenye kiti, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo.

Nimekukasirikia kwa macho yako kwa muda wa kama dakika tatu. Ungeniambia! Kisha nikakumbuka kwamba nami nilikuambia kuhusu Ongom baada ya miezi mitano, tena nikiwa nimebanwa. Basi tumelingana.

Kibali cha kusafiri nimekipata. Walitaka sababu kubwa, nikawapa. Kwenye karatasi yao imeandikwa kwamba mimi na mama yangu tunakwenda Nairobi kumzika mjomba wangu, Zéphyrin, fundi wa kamera. Nisamehe, nilikosa mwingine wa kumuua. Karani alinipa pole sana, akaniuliza ulikuwa mtu wa namna gani. Nikasema mkali, lakini alikuwa anasema kweli. Nikalia kabisa, machozi yenyewe, maana wiki nzima hayakuwa mbali.

Kofia nyingine za Bwana Muhamadi nimezipanga kabla ya kuondoka. Nilikaa dukani kwake siku moja, nikaziandikia kila moja kikaratasi, ipi ya lenzi pana na ipi ya lenzi ya uso, na vikombe vya mayai nikaviweka kando. Alinishukuru, akanipa kikombe kimoja. Studio nimemwachia Helen ufunguo. Jina la Baba nimeling'oa mlangoni, limo ndani ya sanduku la kamera. Picha ya kwaya sina tena hata nakala, lakini siijutii.

Tunafika Jumamosi na basi la asubuhi. Andaa ile kofia fupi. Nitawapiga picha nyote mbele ya karakana, wewe na Mama kwenye viti, na Marie-Jeanne na kitenge chake kipya. Najua utataka Ongom akae katikati. Usimweke katikati. Msimamishe mwisho kabisa, upande wa kulia, kwenye pembe pale pale alipozoea.

Safari hii nitamwona.

Kahambu